Bolti ya kukatika kwenye slasha ya trekta: ipi inafaa, na kwa nini isiyokatika ni hatari

Swali: Nina trekta aina ya Massey Ferguson 240 na slasha ya futi tano ambayo niliinunua ikiwa imetumika, haina kitabu. Tunafyeka viwanja vya watu Mtongwe na Shika Adabu, huku Likoni, Mombasa. Bolti ya shafti ilikuwa ikikatika mara mbili tatu kwa siku. Zilikuwa M12 (za milimita 12), hazina maandishi kichwani, zina nyuzi mwanzo hadi mwisho. Dereva akaleta M12 nyingine nyeusi zilizoandikwa 10.9, na tangu hapo hakuna iliyokatika, ila giaboksi imeanza kulia. Nilijaribu tundu kwa kitako cha biti ya keekee ya nusu inchi, ikaingia bila kucheza. Shafti ya giaboksi haina meno mahali hapo, ni ya mviringo, milimita 35. Fundi mmoja ananiambia nirudie bolti laini, mwingine anataka kutanua tundu atie bolti nene. Nishike la nani?

Jibu: Dada yangu, kabla ya maelezo yoyote, bolti hiyo ya 10.9 itolewe leo, na slasha isirudi kazini mpaka giaboksi itazamwe ndani. Hilo halisubiri. Mengine tunaweza kuyazungumza kwa utulivu, na nashukuru kwamba umepima na kuandika ulichokiona, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya vipimo vyako.

Bolti hii imewekwa pale ife. Kazi yake ni ile ya fyuzi ya stima. Kisu kikigonga jiwe, visu na sahani iliyovibeba vinataka kusimama papo hapo, huku trekta na gurudumu lake zito la injini likiendelea kusukuma. Nguvu hiyo lazima itokee mahali. Bolti ikiwa ni ya kiasi chake, inakatika, shafti inazunguka bure, dereva anasikia mlio umebadilika na kusimamisha. Bolti ikiwa ngumu kupita kiasi, kitakachovunjika ni kile kinachofuata kwa udhaifu: krosi ya shafti (kiungio chake cha msalaba), meno ya giaboksi, beringi, au vyuma vya PTO (mtambo wa nyuma ya trekta unaozungusha shafti ya slasha) ndani ya trekta yenyewe. Kwa hiyo mlio unaousikia sasa huenda ni wa mahali ambapo mshtuko wa mawe umekuwa ukiishia tangu bolti ziache kukatika.

Tuanze na alama za kichwani, kwa maana hapo ndipo mafundi wako wawili wanapopishana. Kwenye bolti za milimita huandikwa namba mbili zilizotenganishwa na nukta. Namba ya kwanza, ukiizidisha mara 100, inakupa nguvu ya chuma kikivutwa hadi kukatika, kwa nyutoni kwa kila milimita mraba. Kwa hiyo 4.6 ni 400, 8.8 ni 800, na 10.9 ni 1,000. Namba ya pili inaeleza chuma kinaanza kurefuka bila kurudi kikifikia sehemu gani ya nguvu hiyo: 8.8 inaanza kwenye asilimia 80 ya 800, yaani 640. Bolti za inchi zina mistari badala ya namba. Grade 5 ina mistari mitatu, Grade 8 ina mistari sita, na Grade 2, ambayo ndiyo laini, haina mstari wowote. Grade 2 ya inchi ina nguvu ya takriban 510, Grade 5 takriban 827, Grade 8 takriban 1,034. Kwa hiyo Grade 5 na 8.8 zinakaribiana, na Grade 8 ni jirani ya 10.9.

Hizo ni nguvu za kuvutwa. Bolti yetu haivutwi, inakatwa kwa ubavu, na chuma kikikatwa kwa ubavu hustahimili takriban asilimia 60 tu ya nguvu yake ya kuvutwa. Shika hiyo asilimia 60, tutaihitaji sasa hivi.

Tazama umbo la mashine yako. Yoki, yaani ncha ya shafti inayotoka kwenye trekta, imevaa juu ya shafti ya giaboksi yenye kipenyo cha milimita 35, na bolti inapita upande mmoja hadi wa pili. Ili iachie, ni lazima ikatike mahali pawili, pale yoki inapokutana na shafti huku na huku. Kwa umbo hilo, msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa kuikata unapatikana kwa kuzidisha nguvu ya kukata sehemu moja kwa kipenyo cha shafti, yaani mita 0.035. Upande wa pili uiweke trekta. Tuseme zinazofika kwenye PTO ni nguvu za farasi 42, sawa na kilowati 31.3. Kilowati mara 9,550 gawanya kwa mizunguko 540 ya PTO, unapata karibu nyutoni mita 550. Huo ni msokoto wa kazi ya kawaida trekta ikivuta kwa nguvu zake zote.

Sasa bolti za kwanza, zile zisizo na maandishi. M12 yenye nyuzi mwanzo hadi mwisho si milimita 12 pale inapokatwa, kwa sababu nyuzi zimekula chuma. Eneo linalobaki ni milimita mraba 84 hivi badala ya 113. Tukizikadiria kuwa 4.6, nazo zinaweza kuwa mbaya zaidi ya hapo, msokoto wa kuzikata unatoka karibu nyutoni mita 700. Trekta inatoa 550. Pengo hilo ni jembamba mno. Kichaka kizito tu, au dereva kuachia PTO kwa pupa, kinatosha kuikata, hata pasipo jiwe. Juu ya hayo, M12 ndani ya tundu la nusu inchi inacheza kwa milimita 0.7, na bolti inayocheza hupigwa nyundo kila msokoto unapobadilika, ikachoka kabla ya wakati wake. Ndiyo sababu ulikuwa ukinunua kila siku.

Za pili, M12 ya 10.9 yenye mwili nyororo usio na nyuzi pale inapokatwa: karibu nyutoni mita 2,400. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya msokoto wa kazi. Sijui giaboksi ya slasha ya futi tano ambayo ningeiombea mshtuko wa aina hiyo.

Na sasa nusu inchi ya Grade 2, mwili nyororo, eneo la milimita mraba 127: karibu nyutoni mita 1,350. Mara mbili na nusu hivi ya msokoto wa kazi. Inapita kichaka, inapita mchanga mzito, inapita kuanza kwa visu, na ikikutana na jiwe la tumbawe lililoshika ardhi, inakatika. Slasha nyingi za umbo la yako, zenye shafti ya mviringo iliyotobolewa tundu, zimetengenezewa bolti hiyohiyo, na tundu lako lililokubali kitako cha biti ya nusu inchi linasema vilevile. Basi jibu langu ni hilo: nusu inchi, Grade 2, yenye mwili nyororo wa kutosha, na nati ya nailoni (yenye pete ya nailoni ndani inayoizuia kufunguka). Ukipata kibati cha mtengenezaji kwenye giaboksi au kwenye fremu, usome, na ukipata kitabu cha aina hiyo, neno la kitabu liwe juu ya langu.

Fundi wako wa kwanza, basi, alikuwa karibu na ukweli, ila "laini" pekee haitoshi kwenda nayo dukani. Zile zilizokuwa zikikatika nazo zilikuwa laini. Fundi wa pili usimkubalie. Eneo la bolti linakua kwa mraba wa kipenyo: ukitoka nusu inchi ukaenda inchi tano kwa nane kwa chuma kilekile, nguvu inapanda kwa asilimia 56, na wakati huohuo umepunguza nyama ya shafti ya milimita 35. Utakuwa umeimarisha kinachopaswa kuvunjika na kudhoofisha kinachopaswa kubaki.

Tazama pia kwa nini kosa la M12 na nusu inchi linawapata wengi. Kichwa cha nusu inchi kinachukua spana ya robo tatu inchi, ambayo ni milimita 19.05. Kichwa cha M12 nyingi zinazouzwa kinachukua spana ya 19. Spana moja inafungua zote mbili, mkono hauhisi tofauti, na dereva anaamini ni bolti ileile. Mpe dereva nati moja ya kawaida ya nusu inchi, isiyo ya nailoni, aiweke mfukoni anapokwenda dukani. Nati hiyo ikikataa kupanda kwa vidole, bolti si yake.

Urefu nao una siri. Bolti yenye sehemu ya nyuzi na sehemu nyororo lazima ikae ili mipaka yote miwili ya kukatwa iangukie kwenye mwili nyororo. Chukua kalipa, au hata rula ya mtoto wa shule, upime unene wa ukuta wa yoki. Tuseme ni milimita 12 kila upande. Mpaka wa kwanza uko milimita 12 kutoka kichwani, wa pili uko 12 jumlisha 35, yaani 47. Bolti ya nusu inchi yenye urefu wa inchi tatu kwa kawaida ina nyuzi za inchi moja na robo mwishoni, kwa hiyo mwili nyororo unaishia kama milimita 44. Mpaka wa pili umeangukia kwenye nyuzi. Itakatika mapema kuliko ulivyokusudia, tena upande mmoja kabla ya mwingine. Chukua ya inchi tatu na nusu: mwili wake nyororo unafika 57, mipaka yote iko salama, na nati bado inapata nyuzi za kushika ukiweka wosha. Ncha ikichomoza sana, ikate kwa msumeno wa chuma, isije ikanasa nyasi na kamba. Sentensi moja ya kumkumbusha dereva: nyuzi zisiwe pale chuma kinapokutana na chuma.

Kuhusu kuipata. Madukani kwetu bolti za milimita ndizo nyingi, za inchi huzipati kila duka, hivyo huenda ukalazimika kuvuka feri kwenda kisiwani na kuuliza maduka ya vipuri vya matrekta na mashine za zamani. Nunua boksi zima ukiipata. Tatizo la Grade 2 ni kwamba kichwa chake hakina mstari, na bolti isiyo na asili yoyote pia haina mstari. Omba kuona boksi ilimotoka. Ukiwa na shaka, ifunge kwenye jiliwa pamoja na bolti moja ya 8.8 unayoiamini, upitishe tupa ileile juu ya zote mbili kwa mkono uleule. Kwenye chuma laini tupa inauma na kutoa vumbi la chuma waziwazi. Kwenye 8.8 inauma kwa shida zaidi. Kama hizo mbili zinahisi sawasawa, uliyouziwa kama laini si laini, irudishe. Kumbuka pia kwamba namba nyingi za viwango zinaahidi kima cha chini cha nguvu. Mtengenezaji akitoa chuma kigumu kidogo zaidi ya alichoandika, kwa mtu anayejenga paa hiyo ni heri, kwako wewe si heri. Kwa sababu hiyo bolti zilizouzwa na mtengenezaji wa slasha mwenyewe, pale zinapopatikana, zinastahili bei yake.

Kazi ikikubana na nusu inchi haipatikani siku hiyo, ningekubali kwa muda M12 ya 5.8 yenye mwili nyororo. Msokoto wake unatoka karibu 1,200, chini kidogo ya tunaoutaka, na kosa la upande wa chini ni kosa la salama. M12 ya 4.6 yenye mwili nyororo inatoka kama 950. Itakukatikia zaidi, lakini itakulinda. M12 ya 8.8 inatoka 1,900, na hiyo ningekataa. Kuna mtu atakupigia hesabu nzuri akuambie M10 ya 8.8, maana inatoka karibu 1,320, karibu sawa na Grade 2 yako. Hesabu yake ni kweli, na kwenye mashine zilizotobolewa tundu la milimita 10 ndiyo bolti inayotakiwa. Shafti nyingi zenye klachi ya bolti kutoka Ulaya zinaitumia 8.8, kwa sababu chuma kigumu kiasi hukatika safi, wakati kile laini hupinda na kujipaka ndani ya tundu. Lakini kwenye tundu lako la nusu inchi M10 itacheza karibu milimita tatu na kuligonga tundu mpaka liwe yai. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie "8.8 ni mbaya" au "8.8 ni nzuri" bila kuuliza tundu ni la ngapi na bolti imekatwa mahali pangapi.

Hapa pwani kuna kishawishi kingine: bolti za stenlesi, kwa kuwa za kawaida zinaota kutu upesi na za mashua zinapatikana. Zile zilizoandikwa A2-70 zina nguvu ya 700. Hiyo ni juu sana ya Grade 2, na stenlesi huvutika na kupinda sana kabla ya kuachia, ikabaki imesokotana ndani ya tundu. Nyuzi zake pia hung'ang'ania nati yake. Ziache kwenye mashua. Bolti za alen zenye tundu la pembe sita kichwani, nyingi ni 12.9, ngumu kuliko zote tulizozitaja. Kipande cha nondo, msumari mnene, au biti mbovu ya keekee visiingie kabisa. Biti hupasuka vipande vinavyoruka.

Kutu ina madhara makubwa zaidi mahali ambapo macho hayafiki, na hili naliona kwenye mashine nyingi za huku kuliko kosa la bolti lenyewe. Bolti ikishakatika, yoki inapaswa kuzunguka bure juu ya shafti ya giaboksi. Hewa ya chumvi ikiingia hapo katikati na grisi haijapita miezi, viwili hivyo vinashikana. Bolti inakatika kama ilivyokusudiwa, lakini kutu inaendelea kusukuma visu, na ulinzi wote umekwenda. Jaribu hivi: injini imezimwa, bolti imetolewa, shika yoki kwa mikono miwili uizungushe juu ya shafti. Iende kwa mkono. Ikikataa, ivue, piga msasa pande zote mbili, ondoa makovu ya bolti zilizokatika zamani kwa tupa nyembamba, paka grisi, rudisha. Kama kuna niple kwenye yoki, ipewe grisi kila wiki ya kazi, na wakati wa masika mara mbili.

Ukiwa hapo, tazama matundu yenyewe. Baada ya kipindi cha bolti zinazocheza na kipindi cha bolti ngumu, sitashangaa yakiwa na umbo la yai. Kitako cha biti kiliingia bila kucheza kwenye tundu ulilopima, lakini pima kila upande wa yoki na tundu la shafti pia, yote matatu. Lililotanuka lijazwe kwa kulehemu na kutobolewa upya na mkereza vyuma mwenye mashine ya kusimama, maana keekee ya mkono haiwezi kuyanyoosha matundu matatu katika mstari mmoja.

Kisha visu. Kwenye slasha yako kila kisu kinaning'inia kwenye bolti yake nene na kinatakiwa kukunjika kikigonga kitu. Hiyo ni kinga ya kwanza kabla hata ya bolti ya kukatika. Kisu kilichoshikwa na kutu hakikunjiki, na kila kisiki cha mnazi kinapeleka pigo lake lote juu hadi kwenye shafti. Vizungushe kwa mkono ukiwa umevaa glovu nzito. Kikikataa kimoja, una sababu nyingine ya bolti zako kukatika. Visu butu navyo huongeza mzigo.

Viwanja vya Mtongwe na Shika Adabu mnavijua kuliko mimi: nyasi baada ya mvua za Aprili na Mei zinafika kifuani, na chini yake kuna matofali ya mawe yaliyoachwa na mjenzi, vipande vya nondo, vifuu, na mwamba wa tumbawe uliochomoza kama ngumi. Mtu atembee kiwanja kwanza na fimbo ndefu, aweke alama kwenye kila alichogusa. Pita ya kwanza slasha iwe juu, sentimita 15 hadi 20, ya pili ndiyo ishuke. Dereva aingize PTO injini ikiwa chini, visu vianze taratibu, ndipo apandishe hadi 540. Anayeiingiza injini ikiwa inanguruma anakata bolti akiwa bado hajagusa jani. Kamba za nailoni na nyavu kuukuu zikijizungusha chini ya sahani, zitolewe siku hiyohiyo, kwa sababu zinakata sili na mafuta ya giaboksi yanatoka bila mtu kujua.

Bolti ikikatika, hapo ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo naomba umsomee dereva na utingo wake maneno haya. PTO izimwe mara moja, yoki isiendelee kuzunguka juu ya kipande kilichobaki. Injini izimwe, ufunguo utoke na uwe mfukoni mwa anayefanya kazi. Visu vingojwe mpaka visimame kabisa, vinaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya mlio kuisha. Asiingie mtu chini ya slasha iliyoinuliwa kwa haidroliki peke yake. Yawekwe magogo au stendi. PTO kwenye 540 inazunguka mara tisa kwa sekunde moja, na anayefunga kikoi au leso hana muda wa kujitoa. Kikoi kivuliwe, suruali na shati la kubana vivaliwe, na kifuniko cha plastiki cha shafti kirudishwe kama kimevunjika au kilitupwa.

Vipande vitolewe kwa panchi na nyundo, vyote vitatu: cha kichwa, cha katikati ndani ya shafti, na cha nati. Kile cha katikati husahaulika, kikasukumwa na bolti mpya na kukwama. Bolti mpya ipakwe grisi kidogo mwilini, iingie kwa vidole. Nati ikazwe mpaka ikae vizuri na kushika, basi. Ukiibana kwa nguvu zote za mkono, unaibana yoki juu ya shafti, na msuguano huo unaongeza msokoto wa kuachia bila wewe kuujua. Nati ya nailoni haitafunguka kwa kukazwa kiasi hicho. Kwenye trekta akae na kopo lenye bolti kumi, nati kumi, panchi, nyundo na spana, na kila inayokatika aandike saa na alichogonga. Bolti mbili zikikatika kwa siku mahali pasipo na jiwe, asimamishe kazi atafute sababu. Ruhusa ya kuongeza ugumu wa bolti asiwe nayo yeye, wala fundi wa njiani.

Kuhusu giaboksi yako. Acha mashine ikae usiku mzima, kisha fungua plagi ya mafuta ya chini, mwaga mafuta kwenye karai safi, uyapitishe kwenye kitambaa cheupe. Ung'aro mwembamba wa chuma ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa ukucha ni meno au beringi, na hapo hakuna mafuta yatakayoiponya, lazima ifunguliwe. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia kwa sili. Halafu shika shafti ya kuingilia, isukume juu na chini, ndani na nje. Ikicheza kwa namna unavyoweza kuiona, beringi za mbele zimekwisha. Kama vyote viko salama na mlio ulikuwa wa mafuta kupungua, jaza mafuta ya gia ya namba 90 hadi usawa wa plagi ya kupimia, weka bolti ya nusu inchi, uiendeshe dakika kumi bila nyasi, kisha uguse giaboksi kwa kiganja. Joto ni la kawaida. Kiganja kikishindwa kukaa hapo, isiende Mtongwe wala Shika Adabu. Iende kwa fundi wa giaboksi.